Mafuta ya Munungwe

Mashine ya Mama Chola ilikuwa ndogo hata watoto wa mtaa wa Kamalondo wakaipa jina la Kafupi. Mbele ilikuwa na ndoo pana ya kukomba udongo, nyuma mkono mmoja mrefu wa kuchimbia, na katikati kiti cha chuma ambacho dereva wake, Jeannot, alikitandika gunia. Mashine kubwa za mgodini zingeweza kuibeba mdomoni. Lakini mashine kubwa haipiti kwenye geti la kiwanja cha mtu, na Kafupi ilipita. Ilichimba misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo na mifereji, na ilikwenda mahali ambapo zamani walikwenda watu na makoleo tu.

Lubumbashi ya miaka ile, watu walipokuwa wakiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, kwa amri, na majina ya ubatizo yakabaki ya kuitana jikoni, mashine ya aina hiyo ilikuwa moja tu mjini. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo: Chola kwenye karatasi, Victorine jikoni, na Mama Chola kwa kila aliyekuwa na haja naye.

Hakuzaliwa na kitu. Baba yake alilima viazi vitamu kando ya mto Naviundu, kabla nyumba hazijaubana mto ule pande zote mbili, na Victorine alivipeleka kichwani hadi kwenye makambi ya wafanyakazi wa shaba. Huko ndiko alikojifunza kuuza. Akishataja bei, alikuwa anafunga mdomo na kuanza kupanga viazi upya, kimoja kimoja, kama mtu aliyesahau kwamba kuna mnunuzi mbele yake. Mnunuzi alichoka kusimama, akakubali. Baadaye aliacha viazi, akaingia njia ya Mokambo, mpakani na Zambia, kupeleka hiki na kuleta kile: samaki wakavu, sabuni, vitenge, vipuri vya baiskeli. Mume alikuwa naye, akaondoka na mwingine. Hakumfuata, alibadilisha kufuli.

Kafupi aliipata wakati mali za wageni zilipochukuliwa na kugawiwa wananchi. Mgiriki mmoja mjenzi alifunga mizigo akaenda zake, na karakana yake ikapewa bwana mmoja ambaye hakuwahi kushika hata nyundo. Bwana yule aliuza karakana kipande kipande, kama mtu anayechoma nyumba yake ili aote moto. Mama Chola alienda pale kununua mabati. Akaona kitu cha manjano kimejificha chini ya turubai. Akauliza, "Na ile ni nini?" Bwana hakujua. Mama Chola naye akasema hajui, ila ameona chuma kizito, labda kingemfaa kuzuilia geti. Akaondoka bila kugeuka. Safari ya pili bwana mwenyewe ndiye aliyemwita. Kafupi ikatoka kwa bei ya lori la samaki na mahindi, na Jeannot, aliyewahi kuiendesha kwa yule Mgiriki, akatoka pamoja nayo.

Basi, mashine kama ile inakunywa vitu viwili. Kuna mafuta ya injini, hayo kila mtu anayajua. Na kuna mafuta mengine, ya hidroliki, ambayo hayaunguzwi. Yanakaa kwenye tangi lake, pampu inayasukuma kwenye mabomba ya mpira mpaka ndani ya mikono ya mashine, na nguvu ya kuinua udongo inatoka huko. Ndani ya mikono hiyo kuna mipira myembamba inayozuia mafuta yasitoroke. Mafuta yakiwa mabaya, injini inaweza kunguruma kama simba na mkono usinyanyue hata kikapu.

Mwishoni mwa miezi ya baridi, mafuta ya Kafupi yalikuwa yamechoka. Yalikuwa meusi, yananuka kama sufuria iliyoungua, na asubuhi mkono ulitetemeka kabla ya kuamka. Jeannot alisema yabadilishwe yote kabla ya kuanza kazi ya Luano. Na kazi ya Luano haikuwa ya kuchezea. Ilikuwa ni kuchimba mfereji mrefu upande wa uwanja wa ndege, wa kuongoza maji ya mvua yasiingie barabarani, na mkuu wa kazi alikuwa amesema wazi: mfereji uishe kabla ya mvua. Akimaliza Luano, Mama Chola angeitwa tena na tena. Asipoumaliza, wangesema mashine ya mwanamke ni kitu cha maonyesho, na mlango ungefungwa.

Akaanza kutafuta mafuta. Sokoni walimwonyesha mafuta ya injini yaliyotumika, yakachujwa kwa kitambaa na kuuzwa upya. Alichovya kidole, akasugua, akasikia mchanga. Akafuta kidole kwenye shati la muuzaji, akaenda. Fundi mmoja wa malori wa Kamalondo alimpa mafuta mapya, lakini mazito kama asali, ya gia za malori. Jeannot akakataa.

"Mama, hii haitapita," alisema. "Asubuhi na baridi, pompe itavuta, itavuta, itakosa. Kafupi inataka mafuta mwepesi, ya kuonekana kaa chai."

"Iko wapi ya vile?"

"Mokambo labda. Kwa ule Ngosa wa bipuri."

Mama Chola akaanza kufikiria safari ya Mokambo. Hapo ndipo Nkandu alipoingia.

Nkandu Anaclet alikuwa fundi wa mitambo kule fonderi, mahali pa matanuru ya kuyeyushia shaba. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kulia na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kwa Mama Chola alikuwa zaidi ya rafiki. Alikuwa munungwe wake. Mama Chola alizaliwa kwenye ukoo wa Mbuzi, na Nkandu kwenye ukoo wa Chui. Kwa watu wa sehemu zile, koo hizo mbili zimepewa ruhusa ya kutaniana tangu mababu. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako, kula chakula chako, kubeba sufuria yako, na wewe husemi neno. Ukikasirika, aibu ni yako. Na siku ya msiba ndiye anayeosha maiti na kuchimba kaburi, huku akimtukana marehemu mpaka waliokuwa wanalia wanacheka.

Mama Chola alipomzika mama yake, Nkandu alijilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka. Alisema yule bibi alikufa na kuku wake wawili tumboni, na hatatoka mpaka kuku walipwe. Victorine alikuwa hajala kwa siku nzima. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, mtu mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kuingia nyumbani kwake bila kubisha hodi, na mtu huyo alikuwa Nkandu. Mwanamke ambaye hakumwamini hata mtu wa kupima chumvi alimwamini Chui.

Alikuja akisukuma baiskeli, madumu mawili yamefungwa nyuma, na alianza kupiga kelele tangu getini.

"We mbuzi! Banasema unaenda Mokambo. Kufanya nini? Badouane ba mupaka batakukamata, batakupika na bitunguru!"

"Mwenye kukula nyama yangu akuwe na meno," Mama Chola alijibu bila kuinua kichwa. "Si sawa weye, chui ya kibogoyo."

Majirani walishaanza kusogea. Hakuna aliyependa kukosa wawili hawa.

Nkandu alishusha madumu, akafungua kifuniko kimoja. "Angaria. Mafuta ya idroliki, ya fonderi. Njo tunatia mu bamashine yenye kukaa pembeni ya moto. Hata utupe kiberiti ndani, haiwake. Ya bei kali, ya Bulaya. Ilibakia chini ya mapipa, banatupatia."

Mafuta yalikuwa mepesi, yanang'aa, yameelekea kijani kidogo. Mama Chola aliyachovya, akasugua. Hakuna mchanga. Yalikuwa na harufu ngeni, lakini mali ya kampuni ya shaba ilikuwa na harufu yake siku zote, na mjini pale kila kitu kizuri kilitoka kwenye geti lile: dawa, unga, mipira ya miguu, hata mchele wa Noeli. Nani angeuliza kama mafuta yaliyotoka huko ni mazuri?

Jeannot aliuliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, akakaribia na kofia mkononi.

"Baba Nkandu, miye njo dereva. Uniambie muzuri. Ile mafuta na mipira ya Kafupi, vitasikilizana?"

Nkandu akamtazama, akawatazama majirani, akapanua mikono.

"Kusikilizana? Itakula mipira yote! Itatafuna polepole, kaa vile chui anatafuna mbuzi. Mwezi moya, mbili, kamashine katakufwa. Na miye njo nitazika, ju miye njo munungwe, na mifupa nitabeba kwangu!"

Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaegemea ukuta. Mama Chola alicheka kuliko wote.

"Jeannot, unauliza chui kaa unauliza mwalimu?" alisema akifuta macho. "Tia mafuta. Na weye Nkandu, ukitangulia kufa kuliko mashine yangu, nitakuzika na ile ndoo ya mbele, bila sanduku."

Jeannot akatia mafuta.

Mwanzoni Kafupi ilikwenda vizuri. Mkono ulikuwa mwepesi, asubuhi hautetemeki tena, na mfereji wa Luano ukaanza kunyooka kando ya nyasi ndefu, ndege zikipita juu ya kichwa cha Jeannot. Mkuu wa kazi alikuja, akatembea ukingoni na mikono nyuma, akaondoka bila kugomba. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ni sifa.

Kisha rangi ikaanza kutoka. Mahali palipodondokea mafuta, rangi ya manjano ya Kafupi ilifura kama ngozi iliyomwagikiwa na uji wa moto, halafu ikabanduka. Jeannot akasema mikono yake inamwasha. Mama Chola akamletea sabuni. Baadaye Jeannot alimwita, akamshikisha bomba moja la mpira. Lilikuwa limevimba na kulainika.

"Mama, bonyeza. Iko sawa bukari."

Ni kweli. Kidole kiliingia kama kinavyoingia kwenye donge la bukari kabla ya kulichovya kwenye mboga. Kuanzia siku hiyo mkono ulikuwa unashuka wenyewe. Jeannot aliuinua, akageuka kupangusa jasho, akaukuta umelala chini. Joto la Oktoba lilikuwa limepanda na mawingu yalikuwa yanakuja kutazama na kurudi. Siku ya Ijumaa, katikati ya asubuhi, bomba likapasuka, mafuta yakaruka juu ya ukingo, na Kafupi ikainamia mbele, ndoo yake imezama kwenye udongo wa mfereji wenyewe.

Jeannot alifungua mkono mmoja. Mipira iliyokuwa ndani ilitoka ikiwa imekatika vipande, mingine imevimba mara mbili, inateleza mkononi kama ini. Akavipanga vipande juu ya gunia.

Mkuu wa kazi akaja. Akatazama juu mbinguni, akatazama mfereji, akasema, "Mama, juma ile ingine kama mashine haijalia tena, ninaita bantu na makoleo." Akaondoka.

Na mchana huohuo Nkandu akafika Luano. Nani alimpa habari? Mama Chola hakujiuliza wakati ule. Munungwe husikia harufu ya msiba. Alikuwa amevaa kitenge cha mwanamke, majani yamefungwa kichwani, majivu usoni, na alikuja akilia kwa sauti kutoka barabarani.

"Kafupi ee! Kafupi mutoto wa Mugiriki! Unaniachia nani? Mama yako ulimwacha na deni ya bukari!"

Wafanyakazi wa uwanja waliacha kazi. Nkandu akajigaragaza kwenye udongo, akainuka, akachukua fimbo na kuipima Kafupi urefu na upana, kama fundi wa majeneza. Akasema mbao hazitatosha, maana marehemu alikuwa na kiti. Akamwendea Jeannot, akamwuliza kama yeye ndiye mjane. Hata Jeannot akacheka. Mama Chola aliyekuwa amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi akacheka pia, na kicheko kilimtoka na machozi, na hakujua vilianza wapi viwili hivyo.

Watu walipotawanyika, Nkandu alikaa karibu naye, akavua majani.

"Victorine," alisema, "sasa uniachie maiti. Munungwe njo anabeba. Kuko muntu kule Likasi anatafuta chuma ya kuuza kilo. Nitakusaidia, upate hata kidogo. Kuliko kuona inaoza hapa."

"Ntaenda Mokambo," Mama Chola alisema. "Kwa Ngosa. Pengine iko na mipira."

"Mokambo?" Nkandu akageuka. "Mokambo haiko kitu. Usichoke bure. Mipira ya kamashine ya vile hautapata tena mu Afrika muzima."

Alisema bila mzaha. Bila mbuzi, bila chui, bila kicheko. Mama Chola alimtazama. Miaka yote ya kujuana kwao, hakukumbuka siku ambayo Nkandu alimpa sentensi nne mfululizo zisizo na tusi. Mtu anayeuza akibadilisha sauti ghafla, kuna kitu chini ya gunia. Hilo alilijua tangu enzi za viazi. Akafunga mdomo, akaanza kupanga vipande vya mpira juu ya gunia, kimoja kimoja.

"Labda iko kweli," akasema mwishoni. "Nitafikiri."

Kesho yake alipanda lori la Mokambo, kipande cha mpira kimefungwa kwenye ncha ya kitenge.

Ngosa wa vipuri alikuwa Mubemba mwenye tumbo, aliyekaa siku zote nyuma ya meza iliyojaa minyororo, beringi na mikanda, vitu vya ng'ambo vilivyovuka mpaka mchana na vingine vilivyovuka bila kuaga. Alimkaribisha Mama Chola kwa kiti na Fanta.

"Minatafuta mipira ya mashine," Mama Chola alisema. "Ya kuchimba. Ndogo, manjano."

Ngosa akacheka. "Tena? Mama, mulikula ile ya kwanza? Muntu yenu alishakuya kuchukua yote. Paketi muzima."

"Muntu yetu gani?"

"Ule mwembamba, mwenye kovu hapa." Ngosa akajipapasa mkono wa kulia. "Wa kuchekacheka. Alikuya na mapimo yote mu kichwa. Akasema ni ya kamashine ka ule Mugiriki mwenye kurudia kwabo. Nilimutafutia Kitwe, mpaka ikapatikana. Hauyue?"

"Alikuya lini?"

"Wakati wa baridi. Nilikuwa nimevaa koti."

Mama Chola akanywa Fanta. Wakati wa baridi. Wakati wa baridi Kafupi ilikuwa nzima, ilichimba misingi Katuba, na mipira yake haikuwa na hata ufa. Mafuta ya fonderi yaliingia baridi ilipokuwa inaisha. Mtu alinunua dawa kwanza, kisha akaleta ugonjwa. Mambo yote yakakaa mahali pake bila kelele, kama mizani inapotulia. Mashine inakufa. Mashine inauzwa kwa bei ya chuma kwa mtu wa Likasi asiye na jina. Mafuta yanamwagwa, mabomba yanabadilishwa, mipira mipya inaingia, na Kafupi inaamka nyumbani kwa Chui.

Hakupiga kelele. Alifungua ncha ya kitenge, akaweka kile kipande mezani.

"Ngosa, uniambie. Njo nini ilikula hii?"

Ngosa alikinusa, akakivuta, kikakatika. "Hii haikuwa mafuta ya kawaida. Mulitia ile yenye haiwake moto? Ee, mama! Ile ina mipira yake ya aina ingine. Hata rangi inakula. Kwa fonderi iko muzuri, ju kule kuko moto na mashine yao ilitengenezwa kwa ile. Kwa kamashine kenu ni sumu. Mbele ya kununua mafuta, unauliza kwanza: mipira ya ndani iko ya nini? Kisha pompe iko kubwa ao ndogo? Kisha asubuhi kwenu iko baridi namna gani? Bantu banauliza bei tu."

"Miye nilipewa bure," Mama Chola alisema.

Akanunua mafuta mapya, mepesi, ya rangi ya chai, na mabomba ya kukata kwa kipimo. Alibishana bei kama kawaida, labda kwa ukali kidogo kuliko kawaida. Mipira midogo ya ndani Ngosa hakuwa nayo tena. Kuitafuta Kitwe kungechukua muda mpaka mvua zianze.

"Usitafute," Mama Chola alimwambia. "Ninayua pa kuitoa."

Jumapili, watu walipotoka misa, nyumba ya Nkandu kule Naviundu ilijaa wageni. Walikuja wakwe kuleta maneno ya ndoa ya binti yake mkubwa, na Mado, mke wa Nkandu, alikuwa amepika tangu alfajiri. Viti vimepangwa uani, wazee wamevaa suti za abakosti, Nkandu yuko katikati ameshika glasi. Ndipo sauti ya mbuzi ikasikika getini.

"Mee! Mee! Mbuzi inakuya kukula shamba ya chui!"

Mama Chola aliingia na kitenge kimefungwa kichwani kama pembe. Watu wa upande wa Nkandu wakapiga vigelegele; wakwe wakaelezwa harakaharaka kwamba huyu ni munungwe, nao wakaanza kutabasamu. Mama Chola akachukua paja la kuku kwenye sahani ya mkwe mkubwa, akauma, akarudisha. Akamtukana Nkandu pua, miguu na namna alivyotongoza. Akawaambia wakwe wasimchukue yule binti kabla ya kumhesabu vidole, maana baba yake ni mwizi wa tangu tumboni. Watu wakacheka wakashika mbavu. Nkandu naye alicheka, huku amemkazia macho.

"Nimekuya kuchukua haki yangu," Mama Chola akasema, akaingia ndani ya nyumba.

Alitupa mito nje. Akatoa sufuria, akaiweka kichwani kwa mtoto wa jirani. Akaburuta sanduku la vyombo vya kazi kutoka chini ya kitanda mpaka uani, mbele ya wote, akalifungua. Chini ya spana kulikuwa na paketi iliyofungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya Mokambo. Akaiinua juu.

"Victorine," Nkandu alisema, na glasi ikashuka. "Wacha hiyo."

"Aaa! Chui anakasirika?" Mama Chola akawageukia watu. "Muone! Chui anakasirika mbele ya bakwe!"

"Nkandu, hapana!" mjomba wake akapaza sauti. "Ni munungwe! Hauwezi kukatala! Utatuletea aibu?"

"Hiyo si kitu ya muchezo, ni bintu bya kazi..."

"Hata kama ni gari! Mupatie!"

Wakwe walikuwa wanatazama. Binti alikuwa anatazama. Nkandu akacheka kile kicheko chake, lakini hakikufika hata getini. Mama Chola akaifunga paketi ndani ya kitenge chake, akapiga vigelegele vya mwisho, akatoka.

Nkandu alimfuata mpaka kwenye kona ya barabara, mbali na masikio ya wageni. Alikuwa anahema.

"Nilikuambia," alisema. "Mbele ya bantu bote. Jeannot aliniuliza, na miye nikasema itakula mipira, mashine itakufwa. Nilikudanganya? Nilificha nini? Weye njo ulicheka."

Mama Chola alimwangalia. Alikuwa amekuja na maneno mengi kutoka Mokambo, ameyapanga njia nzima juu ya lori. Sasa hakuona hata moja la kutumia. Mtu huyu alitumia kicheko chao kama gunia la kufichia kisu, na bado alitaka apewe sifa kwa kuwa alionyesha gunia.

"Ni kweli," akasema. "Uliniambia."

Akaenda zake.

Jeannot aliosha tangi na mabomba mpaka kile kinyesi cha kijani kikatoka chote, akafunga mipira mipya, akabadilisha chujio, akatia mafuta ya rangi ya chai. Kafupi ilikohoa, ikainua mkono, na mkono ukabaki juu. Mfereji wa Luano uliisha huku matone ya kwanza yakipiga kofia za wafanyakazi. Mkuu wa kazi akasimama ukingoni, akaona maji yanaingia na kufuata njia yake, akasema mwezi unaofuata kuna kazi nyingine. Mama Chola akataja bei, akafunga mdomo, akamwacha ajibu mwenyewe.

Hakumshtaki Nkandu kwa mtu yeyote. Angemshtaki kwa nini? Kwa kusema kweli? Wazee wangecheka, wangesema ndivyo banungwe walivyo, na wangemwambia yeye ndiye mwenye kosa la kukasirika. Majirani walipomwuliza kwa nini Chui haonekani tena, alisema ana kazi nyingi.

Msimu wa baridi uliofuata, mjomba wa Mama Chola, kaka wa mama yake, alifariki. Watu wakajaa uani, moto ukawashwa, wanawake wakaketi chini. Mama Chola alikuwa ametuma watu mpaka Kipushi kumwita munungwe mwingine wa ukoo wa Chui, mzee asiye na meno na asiye na mzaha mwingi, na yule mzee ndiye aliyeosha maiti.

Mchana Nkandu akaja. Alikuwa na majani kichwani na majivu usoni, ameshika koleo begani, na alianza tangu getini kulia kwamba marehemu amekwenda na suruali yake. Watu walianza kucheka, kwa mazoea. Mama Chola akainuka, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akamwendea, akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama anavyopokewa mgeni wa heshima, si munungwe.

"Karibu, Citoyen Nkandu," alisema. "Pole na safari. Jeannot, mumupatie Citoyen kiti. Na mayi ya kunywa."

Kicheko kilikatika. Kiti kikaletwa, kile kizuri, chenye mto. Nkandu akamtazama usoni, akitafuta mahali pa kuanzia utani. Akaweka koleo chini. Akakaa kwenye kiti na majani yake kichwani, akashika glasi ya maji kwa mikono miwili, na watu wa ukoo wa Mbuzi wakapita mbele yake mmoja mmoja wakimsalimu kwa adabu.

Kaburi lilichimbwa na wengine.